Sekela, Kuku wa Mtoni

Jumamosi moja asubuhi, Sekela alikuwa kuku.

Alikuwa na mdomo wa njano. Alikuwa na kilemba chekundu kichwani. Alikuwa na mabawa ya magazeti, na mabawa yalisema: chwaka-chwaka-chwaka.

"Ko-ko-ko," alisema Sekela barabarani.

"Ko-ko-ko," alijibu Baba, akamshika bawa.

Walikuwa wanakwenda maktaba. Kila Jumamosi maktaba ya mji wao ilikuwa na saa ya hadithi, na kila hadithi ilikuwa na mada yake.

Siku ya mvua, watoto walikuja na miavuli. Siku ya sokoni, walikuja na vikapu.

Mtoto mwenye vazi la mada alikaa mkekani, ndani ya hadithi. Asiye nalo alikaa kwenye benchi, akatazama.

Sekela hakutaka benchi. Sekela alitaka kuwa ndani ya hadithi.

Mlango wa maktaba ulilia: kwiii. Sekela akaingia. Akasimama.

Juu ya mkeka palikuwa na kitambaa kirefu cha bluu. Juu ya kitambaa alilala mamba. Kando ya mamba aliketi kiboko. Chura alikuwa akirukaruka: chupu! chupu! chupu!

Hapakuwa na mbuzi. Hapakuwa na ng'ombe. Hapakuwa na kuku mwingine hata mmoja.

"Shikamoo, Dada Skola," alisema Sekela. Dada Skola ndiye aliyesimulia hadithi pale maktaba.

"Marahaba, Sekela. Umepona?"

"Nimepona. Leo ni siku ya wanyama wa nyumbani."

Dada Skola akachuchumaa mbele yake. "Hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita. Leo ni siku ya wanyama wa mtoni."

"Lakini Jumamosi iliyopita nilikuwa naumwa."

"Najua, mama. Pole sana."

"Hamkuningoja?"

Sekela alidhani ukiumwa, Jumamosi inakungoja. Kumbe Jumamosi haimngoji mtu.

Kiboko akacheka. Kiboko alikuwa Lusajo, na sauti ya Lusajo ilikuwa kubwa.

"Jamani, njooni muone! Kuku mtoni!"

Mamba akacheka. Mamba alikuwa Jofrey. Chura naye akacheka. Chura alikuwa Aneth. Wote wakaimba:

*Kuku haogelei, kuku hapigi mbizi!*
*Kuku mtoni anatafuta nini?*

Sekela akatazama benchi. Watoto wawili wadogo walikaa pale bila vazi lolote, miguu ikining'inia.

Akatazama mlango. Baba alikuwa bado amesimama pale.

"Tubaki au turudi?" aliuliza Baba.

Sekela akatazama kitambaa cha bluu. "Tubaki."

Akamgeukia Dada Skola. "Dada Skola, mto huu una ukingo?"

"Kila mto una ukingo."

"Basi mimi nitasimama ukingoni."

Dada Skola akafikiri. "Haya, simama ukingoni. Lakini miguu isiguse maji. Wewe ni kuku."

Sekela akasimama kando ya kitambaa cha bluu. Hakuwa kwenye benchi. Hakuwa mtoni. Alikuwa katikati.

Dada Skola akapiga makofi. Pa! Pa!

"Macho yapo?"

"Yapo!"

"Masikio yapo?"

"Yapo!"

"Midomo ipo?"

"Ipooo!"

"Ifungeni kidogo, hadithi ipite."

Watoto wakafunga midomo.

"Mwanzo ni wangu," alisema Dada Skola, kama alivyosema kila Jumamosi. "Mwisho ni wenu."

Akavaa kofia yenye mdomo bapa. Akawa Bata. Mbele yake akaweka ungo, na ndani ya ungo mlikuwa na viazi.

"Kwe-kwe-kwe! Mimi ni Bata. Haya ni mayai yangu."

"Hivyo ni viazi," alisema Jofrey.

"Mamba, nyamaza. Ni mayai."



"Nimeyalalia mayai yangu usiku na mchana," alisema Bata. "Sasa nina njaa. Nataka kwenda mtoni, nile. Lakini mayai yakipoa, vifaranga hawatatoka. Nani atayapa joto?"

Watoto wote wakasema:

*Mayai yanapoa, mayai yanapoa!*
*Nani, nani atayapa joto?*

"Mimi!" alisema Kiboko.

Akaja. Du! Du! Du! Akaukalia ungo.

Pwaa! Viazi vikaruka huku na huku.

"Uwiii!" alilia Bata. "Kiboko, mayai yangu!"

Lusajo akainuka. Akaviokota viazi, akavirudisha.

"Mimi ni mzito," alisema.

*Mayai yanapoa, mayai yanapoa!*
*Nani, nani atayapa joto?*

"Mimi!" alisema Mamba.

Akaja kwa tumbo. Srrr, srrr, srrr. Akafungua mdomo.

"Nitayaweka humu. Mdomoni mna joto."

"Na ukisahau, ukameza?" aliuliza Bata.

Jofrey akafunga mdomo. Akafikiri.

"Naweza kusahau," alisema.

*Mayai yanapoa, mayai yanapoa!*
*Nani, nani atayapa joto?*

"Mimi!" alisema Chura.

Akaja. Chupu! Chupu! Chupu!

"Chura, umetoka wapi?" aliuliza Bata.

"Majini."

"Hebu shika tumbo lako. Lina joto?"

Aneth akashika tumbo lake.

"Baridi," alisema.

Watoto waliokuwa samaki walisema hawawezi kutoka majini. Mtoto aliyekuwa kaa alitazama magando yake, akatikisa kichwa.

*Mayai yanapoa, mayai yanapoa!*
*Nani, nani atayapa joto?*

Hakuna aliyejitokeza.

Bata akavua kofia. Akawa Dada Skola tena. "Basi, hadithi imekwama. Mwanzo ulikuwa wangu. Mwisho sina."



Sekela alitazama mayai. Hakuna mtu aliyemtazama Sekela.

"Ko," alisema.

Hakuna aliyesikia.

"Ko-ko."

Chura akageuka.

Sekela akatikisa mabawa. Chwaka-chwaka-chwaka!

"Ko-ko-ko! Nitayalalia mimi."

"Wewe?" alisema Lusajo. "Hayo si mayai yako. Ni ya bata."

"Yai ni yai. Linataka joto."

"Kuku haangui bata!"

"Anaangua. Bibi yangu alimwekea kuku wetu mayai ya bata. Kuku akayalalia yote. Wakatoka bata."

"Uongo!"

"Si uongo."

"Uongo mtupu!"

"Si uongo," alisema Aneth, yule chura. "Hata kwetu. Mama alimwekea kuku, na bata wakatoka. Mmoja alikuwa mweusi."

Watoto wote wakamtazama Dada Skola.

Dada Skola akafungua mikono. "Mwisho ni wenu."

Chura akasogea. Mamba akasogea. Kiboko alisogea wa mwisho.

Dada Skola akavaa kofia yake. Akausukuma ungo polepole, hadi ukingoni.

Sekela hakukaa kama kiboko. Alijishusha kidogo, akajishusha kidogo tena, kama kuku. Akatandaza mabawa. Chwaka.

Mayai yote yakapotea chini ya magazeti.

"Yana joto?" aliuliza Bata.

"Yana joto."

"Basi mimi naenda kula. Kwe-kwe-kwe!"

"Jua linazama," alisema Dada Skola. Watoto wakafumba macho.

"Jua linachomoza." Watoto wakafumbua.

Sekela alikuwa pale pale.

"Jua linazama." Wakafumba. "Jua linachomoza." Wakafumbua.

Sekela alikuwa pale pale.

Pua ikamwasha. Hakujikuna. Mguu ukafa ganzi. Hakuinuka.

Lusajo akainama karibu naye. "Hujachoka?" alinong'ona.

"Nimechoka."

"Basi inuka."

"Hawajatoka."

"Jua linazama." Wakafumba. "Jua linachomoza." Wakafumbua.

Sekela akaingiza mkono chini ya bawa. Akagonga ungo kwa kiazi.

Ta.

Watoto wakatega masikio.

Ta. Ta-ta.

"Mmesikia?" alisema Aneth.

Ta-ta! Ta-ta-ta!

"Yanapasuka!" alipiga kelele Jofrey. "Mayai yanapasuka!" Jofrey alikuwa amesahau kabisa kwamba ni viazi.

Sekela akanyoosha shingo. Akatazama benchi. Akawatazama wale wadogo wawili waliokosa vazi.

"Wanangu," aliwaita. "Ko-ko-ko! Mbona hamtoki?"

Wale wadogo wakatazamana. Wakashuka kwenye benchi. Wakakimbia, wakajiingiza chini ya mabawa, mmoja huku, mmoja huku.

Kichwa kimoja kikachungulia. "Kwe?"

Kichwa cha pili kikachungulia. "Kwe-kwe?"

"Bata!" walisema watoto wote. "Kuku ameangua bata!"

"Nilisema," alisema Sekela.

Lakini vifaranga waliona mto. Wakatoka mbio.

Chubwi! Akaingia wa kwanza.

Chubwi! Akaingia wa pili.

"Rudini!" alilia Sekela. "Wanangu, hayo ni maji! Mtazama!"

"Kwe-kwe-kwe!" walijibu vifaranga, na wakaogelea.

Kuku akakimbia ukingoni kwenda huku. Chwaka-chwaka! Akakimbia kwenda kule. Chwaka-chwaka! Lakini miguu yake haikugusa maji.

Watoto walicheka hadi wakashika mbavu. Mlangoni, Baba alicheka hadi akajifuta machozi.

Kisha Kiboko akatoka mtoni. Du. Du. Du. Akapiga magoti mbele ya Sekela, akainamisha mgongo.

"Mama Kuku," alisema Lusajo. "Panda."

"Miguu yangu isiguse maji."

"Haitagusa. Umepanda kiboko."

Sekela akapanda. Kiboko akaingia mtoni na kuku mgongoni. Ndipo Lusajo akaanza kuimba kwa sauti yake kubwa, na wote wakaitikia:

*Kuku haogelei, kuku hapigi mbizi!*
*Kuku mtoni anatafuta wanawe!*

Wakazunguka mto mzima. Mamba alikuwa mbele, akifungua njia. Chura alikuwa nyuma, chupu-chupu. Vifaranga waliogelea kushoto na kulia.

Sekela akainua mabawa yote mawili juu.

"Ko-ko-ko-kooo!"

Bata akarudi, ameshiba. "Kwe! Wanangu wametoka! Nani amewaangua?"

"Kuku!"

"Sijasikia. Nani?"

"KUKU!"

Kwenye meza ya mbali, mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti akainua kichwa.

"Kuku," alisema naye, akarudi kwenye gazeti lake.

"Hadithi imevuka mto?" aliuliza Dada Skola.

"Imevukaaa!"

"Imevuka na nani?"

Watoto wakamnyooshea vidole Sekela, wote kwa pamoja.

Usiku ule Sekela alilala kitandani. Mabawa yalining'inia kwenye msumari.

Baba akamfunika shuka. "Dada Skola amesema Jumamosi ijayo ni siku ya magari."

"Nimesikia."

"Tutengeneze nini? Lori? Trekta?"

"Kuku."

"Kuku, mama? Siku ya magari?"

Sekela akapiga miayo. "Baba, hujawahi kuona kuku kwenye basi?"

Baba akafikiri. Alikuwa amewaona. Wengi tu.

"Tena halipi nauli," alisema Sekela, akafumba macho.

Baba akazima taa.