Mguu wa Mwanafunzi

Gari lililolala tangu asubuhi haliwezi kuwa na moto saa kumi jioni. Hilo halihitaji shule. Ndiyo maana Nesi, alipoegemea boneti siku ile ili afunge kamba ya kiatu, aliurudisha mkono haraka na kukitazama kiganja chake. Boneti ilikuwa ya moto. Alipofungua mlango akakutana na harufu ya kuungua, ile inayokwama kooni, na kila dereva anaijua. Ilikuwa harufu ya klachi.

Nesi alikuwa wa zamu za usiku. Alirudi saa mbili asubuhi, saa tatu akawa kitandani, akaamka saa tisa na nusu, na muda wote huo ufunguo ulikuwa chini ya mto wake. Nyumba ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mumewe. Sasa piga hesabu mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mwembamba mpaka majirani wakamwita Sindano, na utani wa mtaani ulisema kwamba Nesi hakuolewa, alibeba tu kifaa cha kazini akaenda nacho nyumbani. Alishona sebuleni, na kila mchana alitoka saa nzima kupeleka nguo za wateja, tena kwa miguu. Gari hakujua hata kuliwasha. Miaka sita ya ndoa alikaa upande wa abiria, mkanda ameushika kwa mikono miwili.

"Umechukua gari leo?" Nesi alimuuliza.

"Nilichukue niende nalo wapi, mke wangu? Mimi na usukani wapi na wapi?"

Nesi alichukua ufunguo wake akaondoka. Si kila anayeondoka amekubali.

Wiki moja baadaye gari likaanza kunguruma bila kwenda. Akikanyaga mafuta injini inapiga kelele, lakini gari linajivuta tu, hata watembea kwa miguu wanalipita. Akalipeleka kwa Fundi Subiri, aliyelitengeneza tangu lilipokuwa la marehemu baba yake Nesi. Jina hilo alilipata kwa sababu kila aliyefika gereji, hata aliyekuja kusalimia, aliambiwa asubiri. Lakini kazi aliijua. Alivuta breki ya mkono, akatia gia ya nne, akaachia klachi polepole. Gari lenye klachi nzima hapo linazimika papo hapo. Hili likaendelea kuunguruma kana kwamba hakuna aliyeligusa.

"Klachi haishiki," alisema. "Subiri niishushe giaboksi."

Alipoishusha akamwita Nesi, akamwonyesha sahani ya klachi. Ilikuwa nyeusi tii, imelika hadi kwenye chuma.

"Nani anaendesha gari hili?"

"Mimi peke yangu."

"Dada, wewe nakujua. Klachi ukifungiwa, miaka minne hunioni. Huu si mguu wako." Fundi alipunguza sauti. "Huu ni mguu wa mwanafunzi. Anakanyaga nusu, anaachia nusu, hajui wakati wa kuondoa mguu. Kuna mtu anajifunzia kwenye gari lako."

Nesi alirudi na klachi mpya, na maneno yale yamemkaa kifuani. Mwanaume wa miaka arobaini hajifunzi gari kwa siri kwa ajili ya mkewe. Mkewe gari analo na kuendesha anajua. Anajifunza ili ampakie mwingine.

"Ni nani unayempakia?" alimuuliza wakiwa mezani.

Sindano alidhani ni utani, akacheka. Alipouona uso wa mkewe, kicheko kikamuuma.

"Klachi hii ikiungua tena, wewe na cherehani yako mtahamia kwa kaka yako," Nesi alisema, wala hakupandisha sauti. Sindano alimpenda yule mwanamke kuliko alivyojua kusema. Usiku ule, Nesi akiwa kazini, hakushona hata kifungo.

Klachi iliungua tena baada ya wiki tatu.

Safari hii Sindano naye alikwenda gereji, akiomba moyoni gari likutwe na ugonjwa wowote, mradi usiwe yeye. Na Fundi aliupata. Alipangusa kidole nyuma ya injini, kikatoka na oili. "Sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, inavuja. Oili ikigusa klachi, inateleza, ikiteleza, inaungua. Na injini yenyewe imechoka. Nikiweka sili mpya kwenye injini hii, ni kutia kiraka kwenye shati lililooza. Ningekuwa mimi, ningeibadilisha yote. Ninayo moja pale kwenye kona, bado ina nguvu."

Nesi aliitazama injini iliyofunikwa turubai, kisha akamtazama Fundi. "Na ile klachi ya kwanza, oili ilikuwepo?"

Fundi alikuna kidevu. "Ya kwanza ilikuwa kavu."

"Kwa hiyo ya kwanza mguu, ya pili oili. Na injini unayo tayari."

"Subiri, dada, usinifikirie vibaya."

"Mbadilishie," Sindano alidakia. Alidakia haraka mno, na Nesi akaliona hilo pia. Alikubali injini ibadilishwe, lakini hakuwa akimwamini yeyote kati yao.

Gari lilikaa gereji siku nne. Siku ya pili, mchana, Sindano alisikia kitanda kikilia chumbani, mlio mmoja mrefu, kisha kimya, kisha mlio tena. Akachungulia. Nesi alikuwa amelala chali, usingizi mzito, na chini ya shuka mguu wake wa kushoto ulikuwa ukisukuma ubao wa kitanda, polepole, mpaka mwisho, halafu ukirudi kidogo kidogo kama mtu anayetafuta mahali fulani asipopaona. Alisimama mlangoni akiuangalia mguu ule. Nesi akiamka atasema nini? Kwamba mumewe, baada ya kumwibia gari, sasa anamchungulia? Akarudi kwenye cherehani akalifunika jambo lile kwa kelele za sindano.

Gari lilirudi likiunguruma vizuri ajabu. Siku ya tano baada ya kurudi, saa kumi jioni, boneti ilikuwa ya moto, na harufu ile ilikuwa imejaa mpaka barazani. Nesi hakugomba. Alikunja nguo za mumewe moja moja, akazitia kwenye begi, akaliweka mlangoni.

"Kesho nikiamka nisikukute," alisema, akaenda kazini.

Sindano alikimbia gereji akamweleza Fundi yote, hata habari ya mguu kitandani, ingawa aliisema kwa kigugumizi na kwa mkato. Fundi alisikiliza huku akifuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Injini nimebadilisha, klachi mpya, sili mpya," alinong'ona. "Chuma hakina kosa tena. Nina dada yangu mkubwa, watu humwita fundi kama mimi, ila yeye ni wa mambo ya majini. Miaka yote nimekuwa nikimcheka. Leo sicheki."

Akampigia. Alieleza gari, klachi, injini. Habari ya mguu akaisahau, kwa kuwa yeye akilini mwake kulikuwa na vyuma tu. Sauti upande wa pili ikasikika kavu. "Jini halina haja na injini, hata mngebadilisha kumi. Nileteeni kiti chake. Kesho kabla ya adhuhuri. Msikicheleweshe."

Basi asubuhi, Nesi alipolala, Fundi akaja na spana namba kumi na nne, akafungua bolti nne, akang'oa kiti cha dereva. Alifanya kazi safi, hata kelele hakupiga. Akakipakia kwenye pikapu yake. Sindano akabaki nyumbani, kwenye cherehani asiyoiendesha, begi lake likiwa bado mlangoni.

Dada yake Fundi alikitazama kiti kile kilivyowekwa sakafuni kwake, kikiwa na mavumbi na vipande vya biskuti mshononi.

"Hiki nini?"

"Kiti. Si ulisema kiti?"

Yule mwanamke alikisukuma kiti kwa mguu. "Mama alizaa mafundi wawili, mmoja akatoka hivi. Kiti cha jini ni mtu, mdogo wangu. Ni yule linayempanda na kumkalia, likatumia mikono yake na miguu yake, naye hajui. Nilitaka mniletee mtu. Katika nyumba ile, nani analala mchana?"

Fundi akampigia Sindano simu palepale. "Sindano, nisikilize, ni mkeo. Usimwamshe. Dada anasema akiamshwa kwa nguvu anaweza asirudi. Mfungie tu mlango wa chumba, tunakuja."

Sindano aligeuza shingo. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, shuka iko chini, mto umeinuliwa, na kabla hajasimama akasikia nje injini ile mpya ikiwaka kwa mara moja tu, akatoka mbio bila viatu, akapita begi lake, akafika kwenye gari na kushika dirisha, na pale akamwona mkewe katika nguo ya kulalia, macho yamefumbwa, mikono kwenye usukani, ameketi kwa urefu wake wa kila siku, mgongo umenyooka na mapaja yametulia, na chini yake hakuna kitu chochote, ni bati tupu na matundu manne ya bolti.

"Mke wangu," alinong'ona, "shuka."

Kioo kikateremka. Sauti ilikuwa ya Nesi, ila haikuwa na haraka ya Nesi.

"Mkeo amelala. Mwache, ana zamu usiku."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekuponza. Ugomvi na wewe sina, nilitaka kujifunza tu." Uso uliolala ukatabasamu kidogo. "Mwambie fundi asishushe kitu tena. Klachi haitaungua. Nimeshajua."

Mguu wa kushoto ukakanyaga mpaka chini, gia ikaingia bila kelele, mguu ukapanda taratibu, na gari likaondoka laini, bila kushtuka hata kidogo. Sindano alikimbia kando yake ameshika mlango mpaka mwisho wa mtaa, machozi yakimtoka, na jina la mkewe limemjaa mdomoni, lakini hakumwita, kwa sababu alikuwa ameambiwa asimwamshe.