Viatu vya Verlene

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa balbu. Alhamisi moja ya Novemba, giza likianza kuingia, nilivuka kwenda nyumba ya akina Pettaway kubadilisha balbu iliyoungua.

Benki iliwatoa akina Pettaway mwezi Agosti. Hapa Detroit, upande wa mashariki, nyumba tupu haimalizi wiki mbili. Kwanza yanang'olewa mabomba ya shaba, kisha inachomwa moto. Kati ya ukuta wao na wangu pana mita tatu. Kwa hiyo tuliobaki mtaani, mimi na Bi Eula wa ng'ambo ya barabara, tuliifanya ionekane ina watu. Yeye alilipa mtu wa kufyeka majani. Mimi nilipitisha waya wa umeme kutoka dirishani kwangu na kuwasha taa sebuleni mwao kila jioni. Palihitajika pia koti kwenye kiti cha dirishani, na viatu barazani.

Nilitumia koti na viatu vya mke wangu, Verlene. Alifariki Machi. Sikuweza kuviona kabatini, wala kuvitupa.

"Profesa," Bi Eula aliniita kutoka barazani kwake. Ni dhihaka yake. Nilikuwa mkemia wa maabara kiwandani, mpaka kiwanda kilipofungwa. "Viatu vyake umevielekeza mlangoni. Kwetu Alabama, viatu vya marehemu vikitazama ndani, umemkaribisha akae."

Nilimjibu kwamba vikitazama nje vinaingia mvua.

"Haya. Shule imekusaidia sana."

Nikarudi kwangu kuchomeka waya. Nilikuwa nimeushika mkononi simu ilipolia.

Benki.

Mkopo wa nyumba yangu ulikuwa kwa jina la Verlene. Kwa miezi minane, kila nilipopiga, niliambiwa wanaongea na mwenye mkopo tu. Nilisema amefariki. Wakasema basi athibitishe mwenyewe. Nilituma cheti cha kifo mara nne, na mara nne hakikuonekana. Kesho yake, Ijumaa saa sita mchana, nilitakiwa kuikabidhi benki funguo za nyumba.

Mwanamke wa benki alikuwa mchangamfu. Alisema suala limekwisha. Mwenye mkopo amepiga leo, na amejibu maswali yote ya siri, hata jina la mbwa wake wa utotoni.

Jina hilo hata mimi sikulijua.

"Ameikabidhi nyumba, bwana. Anasema ameshahamia kwa jirani. Na wewe unamfuata."

Niliomba namba aliyopigia. Akaisoma, tarakimu moja moja. Kwa miaka ishirini nilikuwa nikiipiga namba hiyo kuazima ngazi kwa akina Pettaway. Ilikatwa Agosti.

"Mke wangu amekufa," nilisema.

"Basi tunaomba athibitishe mwenyewe, bwana."

Nikatazama nje. Taa ya akina Pettaway ilikuwa inawaka.

Waya bado ulikuwa mkononi mwangu.

Nilivuka. Viatu havikuwepo barazani. Mlango ulikuwa wazi kidogo... Ndani palinukia mafuta ya nywele, na kitunguu kinachokaangwa, kwenye jiko ambalo gesi yake ilifungwa zamani. Koti lilikuwa kitini, limefungwa vifungo hadi shingoni.

Sikuvifunga mimi.

Nilipita hadi jikoni. Simu ya ukutani ilikuwa palepale, waya wake umekatwa, ncha zinaning'inia. Niliugusa mkono wa simu.

Ulikuwa na joto.

Nyuma yangu kiti kikatoa mlio. Kisha kikohozi. Kile cha Verlene cha miezi ya mwisho, mara mbili, halafu pumzi ndefu.

"Thad."

Sikugeuka.

"Usihangaike nao tena. Nimeshawaambia."

Kilichonijia kwanza hakikuwa hofu. Ilikuwa hasira. Miezi minane ya kusubiri kwenye simu, na neno moja la sauti hii limetosha.

"Wapigie tena," nilinong'ona. "Waambie hujahama."

Kitunguu kikaanza kuungua.

"Nimehama, Thad. Wewe ndiye uliyenihamisha."

Taa ikazimika.

Sikumbuki nilivyovuka barabara. Bi Eula alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema nichome koti, nivigeuze viatu vitazame barabarani, na kitu hicho kitaondoka.

"Kikiondoka, nani atawapigia benki?"

"Mwanangu, huyo si Verlene."

"Anajua jina la mbwa."

Bi Eula aliinuka, akaniacha barazani kwake, akafunga mlango wake kwa komeo.

Asubuhi theluji nyembamba ilikuwa imeanguka. Kwenye ngazi za mlango wangu nilikuta kopo la mafuta ya taa na kiberiti, na nyayo za Bi Eula zikija na kurudi. Kwenye baraza ya akina Pettaway hapakuwa na nyayo zozote. Viatu vya Verlene vilikuwa vimerudi mahali pake, vikavu, vikitazama mlango.

Zilibaki saa nne kufika saa sita mchana. Nilichukua faili la barua za benki na kalamu, ili athibitishe mwenyewe. Nililiruka kopo la Bi Eula. Nyuma ya pazia lake aliniona, akatikisa kichwa.

Barazani nilivua viatu vyangu. Niliviweka kando ya vyake, nikavinyoosha hadi ncha zake zikaelekea mlangoni.

Kisha nikabisha hodi.