Miswaki Miwili

Walisema watu wa halmashauri wanaingia bafuni kuhesabu miswaki.

Aliyelianzisha neno hili simjui hadi leo. Mimi nililisikia sokoni, kwenye foleni ya jibini, kutoka kwa Glenys, jirani yangu wa mlango wa tatu. Glenys alilisikia kwa dada yake, na dada yake kwa mtu wa kwenye basi. Kwamba kuna mwanamke wa mtaa wa juu aliyekuwa akipata punguzo la kodi ya halmashauri, ile inayotozwa kila nyumba, kwa sababu anaishi peke yake. Akajiwa na mtu mwenye makaratasi. Mtu yule akaomba kwenda chooni, akakuta miswaki miwili ndani ya kikombe.

"Punguzo likaishia hapo hapo," Glenys akaninong'oneza. "Na vya nyuma akadaiwa vyote."

Nikacheka mbele yake. Lakini nilipofika nyumbani chai haikunishuka. Mwanangu Janine, mtoto wangu wa pekee, alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ndogo nyuma ya kiwanda cha pamba kilichofungwa. Na mimi kwa macho yangu, Jumapili iliyopita, nilikuwa nimeona bafuni kwake mswaki wa njano na mswaki wa buluu.

Naandika haya ili mama mwingine asifanye nililofanya. Sikusoma sana, mtanisamehe nikirukaruka. Lakini kwanza niwape mazuri, maana yalikuwa mazuri kweli. Mengine niliyaona, na mengine wamenisimulia wenyewe baadaye, wakikatizana.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, mvua inapiga paa la vioo la soko letu la zamani. Watu wamebanana, miavuli inachuruzika, mkate wa nyama unanukia kila upande. Janine alikuwa amevaa koti langu la kijani, lile lenye kola pana, mikono ameikunja mara mbili, na kichwani kitambaa cha njano. Mikono yake ilikuwa imekauka kwa sabuni ya jikoni la shule, alikokuwa akifanya kazi saa chache kwa siku. Mimi ndiye niliyemtuma achongeshe ufunguo wa kwake, nikae nao. Mama mwenye wasiwasi lazima awe na ufunguo.

Kibanda cha funguo kilikuwa cha Warren Pilling, fundi viatu, mrefu, aproni ya ngozi, penseli nyuma ya sikio.

"Nikusaidie nini, mpenzi?"

"Nichongee ufunguo. Na mimi si mpenzi wako."

"Hapa kila mtu ni mpenzi wangu. Huyo bibi nyuma yako ana miaka themanini, ndiye mpenzi wangu wa kwanza."

"Usimsikilize, mwanangu," yule bibi akasema. "Viatu vyangu aliniahidi Jumatano. Hakusema Jumatano ya mwaka gani."

Kwetu huku ndivyo tulivyo. Muuza mayai atakuita mpenzi, dereva wa basi atakuita mpenzi, hata anayekukatalia jambo atakuita mpenzi kwanza. Neno halina uzito. Janine alilipa, akaondoka.

Ufunguo haukufungua. Akarudi Jumatatu.

"Ufunguo wako ni mbovu."

"Mlango wako ndio mkaidi, mpenzi. Lete nikuchongee mwingine."

Wa pili nao ukagoma. Wa tatu ukaingia nusu, ukakwama. Janine alirudi amekunja uso, koti wazi, maji yanamtiririka kwenye nywele.

"Wewe ni fundi kweli au umekalia kibanda cha mtu?"

"Wa kwanza ulikosea mashine," akasema. "Wa pili nilikosea mimi, nilikuwa nakutazama. Wa tatu niliuharibu makusudi."

"Kwa nini?"

"Ili urudi, Janine."

Jina lake alilisoma kwenye stakabadhi. Lakini sokoni pale hakuna aliyewahi kumsikia Warren akimwita mteja kwa jina. Yule bibi wa viatu, aliyekuwa bado anasubiri, akasema, "Haya, mimi nimeshaachwa."

Basi wakaanza. Warren alikuwa na chumba chake juu ya duka la dobi, na kwa Janine alikuja usiku tatu kwa wiki, si zaidi. Ijumaa alileta samaki na chipsi vimefungwa kwenye karatasi, siki imeloa hadi kwenye mkono wa shati. Ule ufunguo wa nne, uliofungua, nilipewa mimi, na Warren akajichongea wake kama huo.

Aprili ile ndipo mambo yalipobadilika. Zamani mwenye kipato kidogo kama Janine alisamehewa karibu kodi yote. Mwaka ule ikaamriwa kila halmashauri ijipangie yenyewe, na ya kwetu ikapunguza ule msamaha. Asiyekuwa akilipa akaambiwa alipe. Barua zikaanza kuja, zile bahasha za kaki zenye kidirisha. Janine hakuzifungua. Alizitia kwenye kopo la mkate, na mkate akauhamishia juu ya friji. Hakumwambia Warren. Aliona aibu.

Walipigiana simu kila jioni ambayo Warren hakuja.

"Umekula, Janine?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Maharage juu ya mkate."

"Na jana?"

"Mkate chini ya maharage."

"Umewasha hita?"

"Nimevaa koti la mama."

"Mwezi wa tano, Janine!"

"Mwezi wa tano wa hapa, Warren, si wa Hispania. Acha kunipeleleza. Niambie unafanya nini."

"Nashona kiatu cha yule bibi."

"Mwongo wewe."

Walikuwa wakicheka hivyo. Nikiyakumbuka sasa naona kama wale watoto walikuwa na kila kitu, na mimi ndiye niliyewanyang'anya.

Maana wiki ile ile niliyosikia habari ya miswaki, nilikwenda kwa Janine akiwa kazini, nikakuta bahasha juu ya mkeka wa mlangoni. Niliifungua. Najua, najua. Ndani wanauliza: je, bado unaishi peke yako? Nikahisi mtu yuko bafuni anahesabu. Nikaifunga tena, nikaiacha pale pale mkekani, nikaenda moja kwa moja sokoni.

"Nikusaidie nini, mpe... Aa, Bi. Ogden."

"Wewe una miswaki mingapi?"

Akacheka. Aliponitazama akaacha.

Nikamwambia yote, na nikaongeza yangu. Kwamba watamwondolea Janine punguzo, watamdai, atafukuzwa nyumbani kwa ajili ya Warren. "Ukimpenda, usije tena. Na usimwambie kuwa mimi nimekwambia."

"Hata kumuaga?"

"Ukimuaga hatakuachia."

Aliweka nyundo chini. Kisha akachomoa ufunguo mmoja kwenye pete yake, akauweka juu ya kaunta, akausukuma kwangu kwa kidole. Niliutia kwenye pochi. Nilijiona nimemwokoa mwanangu.

Jioni ile Janine alimpigia. Akampigia tena. Siku ya tatu Warren akapokea.

"Uko wapi wewe? Samaki wangu yuko wapi?"

"Nina kazi nyingi siku hizi, mpenzi."

Janine alikuja kwangu na koti la kijani, jua linawaka nje. Akakaa kwenye kochi bila kulivua.

"Mama," akasema, "kaniita mpenzi."

Mtu wa mbali angemwuliza, sasa unalilia nini? Mimi nilielewa. Kamrudisha kwenye foleni, pamoja na wanunua mayai. Nami nikamshika mgongo, nikamchemshia chai, nikanyamaza. Tangu Mei hadi Septemba nilinyamaza. Alikonda, kitambaa cha njano akaacha kukifunga, sokoni akawa hapiti. Mswaki wa buluu alikuwa ameutupa mwenyewe.

Septemba ikaja bahasha ambayo hata Janine aliogopa kuiacha: wito wa mahakama kwa sababu ya kodi. Akaniletea kopo la mkate zima. Tukalibeba hadi maktaba, ambako Alhamisi mama mmoja, Bi. Parveen, miwani yenye mnyororo, huwasaidia watu makaratasi. Alizifungua zote, moja moja, kwa kisu cha siagi.

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu. Kulikuwa na mtu. Usiku tatu kwa wiki."

"Alikuwa na kwake?"

"Ndiyo, na analipa kodi ya kwake."

"Basi huyo ni mgeni. Punguzo lako halikuwa hatarini. Hata angeleta miswaki kumi."

Nikaropoka, "Kwani hawaji kuhesabu?"

Bi. Parveen akavua miwani. "Mama yangu, hawana hata watu wa kutosha kupokea simu. Waje kuhesabu miswaki?"

Kisha akatoa karatasi kutoka bahasha ya pili, ya Aprili. Ilikuwa fomu ya kuombea mfuko wa watu waliozidiwa na kodi. Ilikaa miezi mitano kwenye kopo, na makombo juu yake. Aliijaza siku ile, akapiga simu deni ligawanywe kidogo kidogo. Gharama za mahakama hazikuondoka. Hizo ni bei ya kopo.

Tulipotoka, kwenye ngazi za maktaba, nilimwambia Janine. Sikupamba.

"Miezi minne, mama."

"Najua."

"Ulikuwa unaniona nalia, unanichemshia chai."

"Najua, mwanangu."

Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Nikampa ule wangu.

"Siyo huo. Wake."

Alivuka barabara bila kunisubiri. Nilimfuata kwa mbali, nikajibanza kwenye kibanda cha mayai.

Warren alikuwa ameinamia mashine. "Nikusaidie nini, mpenzi?"

"Ufunguo huu haufungui."

Mashine ikazimwa. "Janine."

"Nimeambiwa uliuchonga vizuri. Lakini miezi minne hakuna aliyeujaribu."

"Mama yako..."

"Kaniambia. Na wewe ulimsikiliza kwa nini? Una miaka thelathini na nne!"

"Niliambiwa utapoteza nyumba kwa ajili yangu. Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ningeshindwa kuondoka."

Janine akafuta uso kwa mkono wa koti, akatoa karatasi mfukoni, ile iliyouliza kama anaishi peke yake. Bi. Parveen alikuwa amempa ajibu.

"Kuna mahali hapa. Jina la mtu mzima mwingine anayeishi katika nyumba hii. Sijajaza."

Warren akaisoma polepole. "Ukiniandika, punguzo linaondoka."

"Najua."

"Na ule msamaha uliobaki watautazama upya, kwa mshahara wangu."

"Bi. Parveen kanieleza. Nawe utarudisha chumba cha dobi. Tutabanana."

"Nitakugharimu, Janine."

"Wewe ni ghali siku zote. Nimerudi hapa mara tatu kwa ufunguo mmoja."

Akafuta vidole vyenye rangi ya viatu, akachukua penseli sikioni.

"Wanataka wino," Janine akasema.

Kutoka kwenye foleni mkono wenye mishipa ukamnyooshea kalamu. Warren akaandika jina lake, Warren Pilling, kwa herufi kubwa, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa shule.

"Hongereni," yule bibi akasema. "Sasa viatu vyangu."

Walioana majira ya kuchipua yaliyofuata, Janine kwa gauni la kuazima na kitambaa kipya cha njano. Soko lile halipo tena, wamejenga maegesho ya magari. Nikipita pale bado nanusa ngozi na mvua. Ule ufunguo wa tatu, ulioharibiwa makusudi, ninao. Janine alinipa mwenyewe, mwaka mzima baada ya siku ile. Ndipo nilipojua amenisamehe.

Kwa hiyo, wenzangu, haya muyaepuke:

Bahasha ya kaki isilale bila kufunguliwa, hata usiku mmoja.

Usiwaandikie halmashauri kwamba uko peke yako kama mko wawili. Na usimfukuze mgeni kwa kumdhania mkaazi.

Usiamini neno la foleni kabla ya kumuuliza anayejua.

Usingoje wito wa mahakama ndipo uombe msaada.

Usimfiche umpendaye kwamba huna kitu. Anajua. Ameona umevaa koti ndani.

Usifungue barua ya mwanao.

Usichukue ufunguo ambao si wako.

Na mwanao akija akakwambia, mama, kaniita mpenzi, usichemshe chai. Sema ulichofanya.