Kitasa cha Gari la Marehemu

Haya yalimpata shoga yangu, mjane wa fundi, na yeye si mtu wa porojo. Tangu mazishi hakulia, alikuwa kama gogo. Alitaka koti la mumewe tu, lililobaki ndani ya gari lao la kizamani lililokwama kitasa cha nje. Siku moja ya mvua aliingia na wifi yake kwenye gereji ya marehemu, ndani giza. Akakifungua skrubu kitasa na kukitoa mlangoni, akakisafisha, akakirudisha.

“Fundi mpya huyo!” wifi yake akamtania. “Haya, bonyeza.”

Akabonyeza. Kitufe cha kitasa kikazama, kikabaki humo humo.

“Lo, wifi! Springi nimeisahau, hii hapa mkononi. Bila hii hakirudi.”

Mvua ikapiga bati. Kisha wakasikia tik, na kitufe kikarudi nje polepole, kikisukumwa kutoka ndani ya gari, mpaka kikagusa kidole cha mjane.