Hénoc na Mafunzo ya Mkewe

Ndugu zangu wazazi na walimu, nyumba ya Adolphine na Hénoc ilikuwa na amani. Mke alifundisha darasa la kwanza katika shule ya serikali hapa Lubumbashi. Mume alishughulikia karatasi za malori mpakani Kasumbalesa, akirudi kila Jumamosi. Walikula bukari yao, yaani ugali, pamoja na mtoto wao Ruben, wakicheka.

Kisha Adolphine akachaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya walimu, wiki mbili, katika ukumbi mmoja kule Karavia. Miaka kumi na tisa ya kushika chaki, hakuwahi kuitwa popote. Alfajiri akawa anaamka akiimba, na wimbo huo ukamtia Hénoc shaka.

"Juu ya nini weye tu? Balimu iko bengi."

"Balikuya kuniona mu darasa, Papa Ruben. Balipenda kazi yangu."

Hénoc hakuridhika. Aliacha hata kwenda mpakani, akabaki nyumbani kuhesabu dakika alizochelewa mkewe na kunusa nguo zake. Siku moja kabla ya mafunzo kwisha, aliifungua simu ya mkewe akasoma: "Kesho ni siku yako. Vaa muzuri. Gauthier." Hakuuliza. Angeuliza, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Kesho yake alimfuata hadi Karavia, akausukuma mlango wa ukumbi.

"Gauthier iko wapi? Mwizi wa bibi ya bantu!"

Walimu arobaini wakageuka. Adolphine alikuwa ubaoni, akionyesha namna ya kumfundisha mtoto kusoma. Mzee mmoja, inspekta wa shule, akainuka polepole.

"Gauthier ni miye. Leo tulikuwa tunachagua mwenye ataenda kufundisha balimu ba Lukafu. Tulishamuchagua bibi yako."

Adolphine aliweka chaki chini, akatoka ukumbini.

Wiki ikapita. Hénoc, kwa aibu, alikwenda kumwomba inspekta msamaha.

"Papa, ile nafasi haiwezi kumurudilia?"

"Nilimuita tena. Ni yeye alikatala. Aliniambia: 'Nitasimama mbele ya bantu namna gani, na macho yangu inaangalia tu mulango?'"

FUNDISHO

Ukiwa na shaka na mwenzako, muulize, kisha usikilize jibu. Mwalimu akipata nafasi ya kujiendeleza, msindikizeni, maana anakwenda kwa ajili ya watoto wetu pia. Adolphine amemsamehe mumewe. Lakini Lukafu amekwenda mwingine.