Mama wa Ukurasa wa Mbele

Waisea alimwona Mereseini kwa mara ya kwanza katika soko la Nausori, mji wa Fiji, Jumamosi, watu wamejaa kama siafu. Binti alivaa gauni la buluu lenye maua meupe, ua jekundu nyuma ya sikio, anavutana na bibi kizee muuza mwani juu ya bei huku akicheka. Waisea, mpiga picha wa gazeti dogo la mji ule, akainua kamera. Binti akaziba lenzi kwa kiganja.

"Kaka, umeniomba?"

Akaomba, akapiga, akaandika jina. Lakini gazeti lilipotoka, chini ya picha palikuwa na jina la muuza mwani. Mereseini akapiga simu ofisini.

"Kumbe mimi ni bibi mwenye wajukuu tisa?"

"Samahani, dada. Nitalirekebisha."

"Utalirekebisha kwa chakula cha mchana."

Mapenzi yakaanzia hapo. Kila jioni Mereseini alimpigia simu, akimwita "mpiga picha wangu", akitaka kujua leo amemtoa nani gazetini. Alimwambia kuwa watu wa Nausori hawalinunui gazeti kwa ajili ya waziri. Wananunua wamwone mtoto wao akikimbia mbio za shule. Waisea akajifunza kusogea karibu, kuuliza majina, kukaa na watu hadi waisahau kamera. Picha zake zikawa zinakatwa na kubandikwa ukutani majumbani.

Kisha mto Rewa ukafurika.

Asubuhi ile, akiwa ndani ya mashua ya waokoaji, alimwona mwanamke kwenye kibaraza, maji kiunoni, amebaki na shimizi iliyomganda mwilini, nywele zimemwanguka usoni, analia mdomo wazi. Alimtambua mara moja. Alikuwa Mama Akanisi, mama yake Mereseini, kiongozi wa kwaya, ambaye hata dukani hakwenda bila kujipamba. Kidole kikabofya kabla moyo haujasema neno. Akabofya tena.

Mhariri aliisifu mno picha ya kwanza, akaiweka ukurasa wa mbele. Waisea akaomba jina lisiandikwe, akijidanganya kwamba hiyo ni heshima. Nani Nausori asingemjua Mama Akanisi?

Simu ikaja gazeti likiwa bado linanuka wino.

"Ulimtambua?" Mereseini aliuliza.

"Nilimtambua."

Simu ikakatwa.

Tangu siku hiyo Waisea alitembea ameinamisha macho. Sokoni wanawake waliozoea kumtania walijitia kupanga mihogo. Alisikia kwamba Mama Akanisi haendi tena kwaya. Pongezi za picha ile zilipofika kutoka Suva, mji mkuu, aliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe.

Mwisho akabeba mizizi ya yaqona, ile inayotengenezwa kinywaji cha heshima, kama ilivyo desturi ya anayeomba msamaha, akaenda nyumbani kwa Mama Akanisi. Aliketi mkekani, akaisukuma mbele, akasema kosa lake lote bila kulipamba.

Mama Akanisi aliinua macho.

"Ulikuwa umevaa koti," alisema. "Nililiona. Nikadhani unanijia nalo."

Waisea aliinama. Machozi yakamtoka, akayaacha. Mama akaigusa mizizi, akapiga makofi ya kupokea, polepole.

"Nimepokea. Lakini bado inaniuma."

Waisea akasema ataiacha kamera. Mereseini, aliyesimama mlangoni, akageuka kwa hasira.

"Uiache uende wapi? Watu wanajenga upya nyumba zao, na wewe unataka kujificha? Nenda kawapige picha, tena uwaulize kwanza. Siku ile ulijificha nyuma ya kamera; usitukimbie mara ya pili."

"Na mimi na wewe, Mere?"

Mereseini aliliendea birika. Alimimina chai, akampa kikombe bila kumtazama. Kisha, badala ya kurudi mlangoni, akaketi kwenye mkeka uleule, bega lake likagusa la Waisea.

Mama Akanisi aliwaona. Akasogeza sahani ya mihogo katikati yao, akawaambia wale kabla haijapoa.