Siku ya Mapumziko ya Germaine

Nassoro ni fundi wa nguo huko Kabondo, mjini Kisangani. Mke wake, Rachida, alikuwa na mimba ya miezi minane. Alipozaa mara ya kwanza alitoka damu nyingi, na muuguzi Germaine ndiye aliyemwokoa. Nassoro alimpelekea Germaine kuku wa shukrani. Tangu siku hiyo aliuona mlango wa Germaine kama mlango wa dada yake. Mtoto akikohoa, hodi. Rachida akiumwa kichwa, hodi. Majirani nao walikuwa wamepeleka kuku wao, nao walibisha.

Jumapili moja Nassoro alibisha tena. Germaine alifungua. Nyuma yake, sanduku la nguo lilikuwa wazi kitandani.

"Papa Nassoro, minachoka," alisema. "Iko miaka mbili sijapumzika dimanche, Jumapili moja muzima. Mwisho wa mwezi ninaenda Yanonge, kwa dada yangu. Sitarudi tena."

Nassoro aliogopa sana. Nani atamzalisha Rachida?

Alimwendea Kahambu, muuza unga, ambaye ni mjumbe wa kamati ya afya. Alitaka kamati imzuie Germaine. Kahambu alimweleza kwamba kituo cha afya kilikuwa na wauguzi watatu. Benie alishaondoka kwa uchovu huohuo. Josée yupo, amesomea kazi, lakini watu wanamkwepa kwa sababu ni kijana. Ratiba ya zamu imebandikwa kwenye mlango wa kituo na hakuna anayeifuata.

"Donc, basi, Germaine anafanya kazi ya batu watatu," Kahambu alisema. "Kuku tulimupa, lakini mapumziko tulimunyanganya. Hata miye nilibisha kule. Infirmière, muuguzi, naye iko mutu."

Nassoro aliona aibu. Siku ya mkutano wa kamati alisema kosa lake mbele ya wote. Watu wakakubaliana: mgonjwa aende kituoni, kwa muuguzi wa zamu, saa yoyote. Nyumbani kwa muuguzi asibishe mtu. Wanawake wanne wakajitolea kuchota maji na kupima uzito wa watoto. Kamati ikaandika barua kwa wakubwa wa afya kuomba muuguzi wa tatu.

Germaine alipoambiwa hakuahidi kitu. Alisema atangoja kidogo aone.

Wiki ya tatu baada ya mkutano, Jumapili asubuhi, uchungu ulimshika Rachida. Njia ya kituoni inapita mbele ya nyumba ya Germaine. Mlango ulikuwa umefungwa. Nassoro alisimama, mkono tayari kubisha.

"Twende," Rachida alisema. "Josée iko zamu."

Josée alisoma karatasi ya kliniki ya Rachida, akajua habari ya ile damu. Aliita pikipiki ingoje nje, kama itabidi kwenda hospitali. Mtoto alipotoka tu, alimchoma Rachida sindano ya kuzuia damu. Pikipiki haikuhitajika. Alizaliwa msichana.

Jumatatu Germaine aliingia kazini, akamkuta mtoto. Aliuliza kwa nini hawakumwita.

"Ilikuwa siku yako," Nassoro alijibu.

Germaine alimpakata mtoto. Jioni alifika nyumbani, akatoa nguo zake sandukuni na kuzirudisha kabatini.